Tarakimu nne ubavuni

Gari langu lilishuka bandarini kutoka Japani na matairi yanayong'aa. Hapa Msasani fundi pancha hakuyatazama meno. Aliinama, akafuta vumbi ubavuni, akasoma: 2313. Wiki ya 23, mwaka 2013. "Hili mzee, bosi," akasema, akiminya nyufa kwa kidole gumba.

Mpira huzeeka hata gari likiegeshwa. Jua la Dar halihesabu kilomita. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha miaka 10, hata kama tairi halijawa kipara.

Baba yeye alinunua General Tyre ya Arusha. Serikali ilikuwa na asilimia 74 ya kiwanda. 26 zilikuwa za mbia wa Marekani, General Tire, aliyenunuliwa na Continental ya Ujerumani mwaka 1987. Tairi lilitoka Arusha, si ng'ambo. Kiwanda kilisimama kabla ya 2010. Nairobi nako Sameer, watengenezaji wa Yana, walifunga chao 2016. Sasa karibu yote huja kwa meli, na umri tunausoma wenyewe.

Fundi akanionyesha la mtumba, bei robo. Nami nikainama, nikafuta vumbi: 1712.

Nikanunua mapya mawili, yakafungwa nyuma. Ya mbele yanasubiri mshahara.