Tawi lilipokuwa na mkoba wake

Kila Mei Mosi inapokaribia, manung'uniko huwa yale yale. Mwalimu wa shule ya msingi anaitazama slipu yake ya mshahara, anaona asilimia mbili imekwenda chamani, kisha anauliza amerudishiwa nini zaidi ya fulana na kofia ya kuandamania. Jibu la vijiweni ni jepesi: viongozi wamelewa posho. Huenda wapo waliolewa kweli, lakini jibu hilo halielezi kwa nini lalamiko hili limevuka vizazi, likasikika enzi za NUTA, likasikika enzi za JUWATA na OTTU, na sasa linasikika chini ya vyama vingi vilivyosajiliwa upya tangu mwaka 2000. Viongozi wamebadilika, majina ya vyama yamebadilika, hata mfumo wa siasa umebadilika. Kisichobadilika ni njia inayopitiwa na ada. Palikuwa na wakati ambapo ada ya chama ilianzia mkononi mwa katibu wa tawi, na katika miaka hiyo tawi liliweza kumbana mwajiri, likawabana wakubwa wa chama chake, likaisumbua hata serikali. Watafiti wawili wamelichimba jambo hili kuliko wengine: Mmarekani William Friedland katika Vuta Kamba, kitabu chake cha mwaka 1969, na Profesa Issa Shivji katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu sheria, dola na tabaka la wafanyakazi Tanzania. Makala haya yanawaegemea wote wawili, ingawa lawama za mwisho si zao.

Mwanzo unajulikana. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma tena 1943, na mwezi Septemba 1947 mgomo wao ukapanda Reli ya Kati hadi ndani kabisa ya nchi. Chama chao kikavunjwa baada ya ghasia za Februari 1950. Kwa miaka mitano iliyofuata hapakuwa na harakati kubwa, mpaka Oktoba 1955 lilipoundwa Shirikisho la Wafanyakazi Tanganyika, TFL, baada ya Tom Mboya kuja kutoka Kenya kutoa ushauri. Katibu mkuu wake wa kwanza alikuwa Rashidi Kawawa, ofisa wa ustawi wa jamii ambaye wengi walikwisha kumwona kwenye filamu ya Muhogo Mchungu. Hadi hapo ni historia ya vitabu vya shule.

Vitabu hivyo havielezi sana kazi ya tawi ilivyokuwa. Hapakuwa na makato ya mshahara. Katibu wa tawi au mtunza hazina wake aliwafuata wanachama siku ya malipo, mmoja mmoja, na daftari la stakabadhi mkononi. Aliyelipa alikuwa na haki ya kuuliza, na aliuliza papo hapo: mnyapara aliyempiga mwenzetu amechukuliwa hatua gani? Barua yetu kwa Afisa Kazi imejibiwa? Katibu asiye na jibu alirudi na daftari tupu. Kwa hiyo kila mwezi tawi lilifanyiwa uchaguzi mdogo usioandikwa katika katiba yoyote, na matokeo yake yalihesabiwa kwa senti. Makao makuu nayo yalikuwa mateka wa utaratibu huo huo, kwa sababu fedha iliyowafikia Dar es Salaam ni ile tu ambayo tawi lilikubali kuiachia. Viongozi wa kitaifa walilalamika kwamba matawi yanakalia makusanyo. Walikuwa na haki ya kulalamika, lakini ukweli ni kwamba kukalia makusanyo ndiyo ilikuwa silaha kubwa ya tawi.

Hapakuwa na mahali ambapo jambo hili lilionekana wazi kuliko katika mashamba ya mkonge. Mkonge ulikuwa zao kubwa la Tanganyika katika soko la nje, na uliajiri watu zaidi ya laki moja, wengi wao manamba walioletwa kutoka mbali, wakilipwa kwa kipande: ngwe thelathini zikamilike ndipo kadi ijae na mshahara utoke. Kambi ya shamba ilikuwa mbali na mji, njia ni ya mwenye shamba, nyumba ni ya mwenye shamba, duka mara nyingi ni la anayemfahamu mwenye shamba. Kiongozi wa Dar es Salaam hakuweza kuingia humo bila ruhusa. Aliyeweza ni mkata mkonge aliyekwisha kuwamo. Waajiri walilielewa hilo, na mwishoni mwa miaka ya 1950 wakaja na mpango wa mabaraza ya pamoja, ambamo wawakilishi wa vibarua wangechaguliwa shamba kwa shamba na kuzungumza na wakubwa bila chama kuwa kati. Kwa juu juu ulikuwa mpango wa kidemokrasia. Wanachama waliuona ni mtego wa kulikata tawi kutoka kwenye mwili wa chama, wakaukataa, na mgomo mrefu wa Mazinde, kule bonde la Korogwe, mwaka 1958 ulitokana na mvutano huo wa nani anastahili kumsemea mkata mkonge. Chama cha wafanyakazi wa mashamba, ambacho Victor Mkello alikuja kuwa sura yake, hakikuupata umaarufu wake kwa hotuba za Mnazi Mmoja. Kiliupata kambini. Na kabla ya uhuru waajiri wa mkonge walikuwa wamekubali kukaa na chama hicho meza moja.

Kwa hiyo uhuru ulipokuja, Desemba 1961, serikali ya TANU ilikuta matawi yenye mazoea. Reli walikuwa wametoka kugoma siku 82 mwaka 1960 chini ya C.S.K. Tumbo, na mazoea yale hayakukoma kwa sababu bendera imebadilika. Ndani ya TFL kukazuka ugomvi ambao Friedland anaupa nafasi kubwa: upande mmoja Michael Kamaliza na wenzake, waliotaka shirikisho lenye nguvu lililoshikamana na TANU, upande wa pili Tumbo na wengine, walioshikilia kwamba chama cha wafanyakazi hakiwezi kuwa mtoto wa chama tawala. Kwa kawaida ugomvi huu husimuliwa kama wa watu na tamaa zao, na kweli tamaa zilikuwepo. Lakini ukiutazama kutoka tawini ulikuwa ugomvi wa mkoba. Shirikisho lenye nguvu maana yake shirikisho linalopokea fedha bila kuziomba.

Mwaka 1962 upande wa kwanza ulishinda kwa njia ya Bunge. Kawawa sasa alikuwa Waziri Mkuu, Kamaliza waziri mwenye dhamana ya kazi, na Tumbo alikwisha kupelekwa London kuwa balozi, cheo ambacho hakukaa nacho hata mwaka. Sheria tatu zikapita. Ya kwanza iliufanya mgomo kuwa karibu hauwezekani kisheria, kwa kulazimisha kila mgogoro upite kwenye usuluhishi na baraza la uamuzi. Ya pili ililazimisha kila chama kiwe chini ya TFL na kumpa waziri mkono katika fedha za shirikisho. Ya tatu iliwaondoa katika vyama watumishi wa serikali waliopata zaidi ya pauni 702 kwa mwaka, yaani wale wenye elimu ambao ndio waliokuwa wakiandika barua na kutunza vitabu vya hesabu. Katibu mkuu wa kwanza wa TFL alikuwa ameongoza serikali iliyoyaondolea matawi meno.

Matawi ya mkonge hayakusikia, au yalisikia yakapuuza. Migomo ikaendelea mashambani, na Januari 1963 serikali ikamkamata Mkello, wakati huo akiwa rais wa TFL, pamoja na Sheha Amiri, mratibu wa chama cha mashamba, ikawapeleka uhamishoni Sumbawanga. Chaguo la mahali linafaa kutazamwa. Wakoloni walikuwa na desturi ya kumhamisha chifu mkorofi mbali na watu wake, na desturi hiyo ilitumika sasa kwa kiongozi wa wakata mkonge: kutoka Tanga hadi Ufipa ni kuivuka nchi nzima. Hawakufunguliwa shtaka mahakamani ambalo tawi lingeweza kulijibu. Serikali ilieleza kwamba wanachochea migomo isiyo halali, na baada ya sheria za 1962 maelezo hayo hayakuwa magumu kuthibitisha, maana karibu kila mgomo ulikuwa umekwisha kuwa si halali. Zaidi ya adhabu kwa watu wawili, ulikuwa ujumbe kwa katibu wa kila kambi: rais wa shirikisho ametolewa, na wewe je?

Mwaka mmoja baadaye wanajeshi wa Tanganyika Rifles waliasi, tarehe 20 Januari 1964, katika kambi ambayo leo ni Lugalo. Baada ya maasi kuzimwa kwa msaada wa Waingereza, viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi waliwekwa kizuizini kwa madai ya kushirikiana na waasi. Mwezi Februari Bunge likapitisha sheria iliyofuta TFL na vyama vyake vyote na kuunda NUTA. Rais wa nchi ndiye aliyemteua katibu mkuu, naye akawa Kamaliza, aliyebaki pia waziri. Ada ikawa inakatwa na mwajiri na kupelekwa moja kwa moja juu. Daftari la stakabadhi likapoteza kazi. Katibu wa tawi, ambaye jana alilipwa na wanachama wake, leo alisubiri mgao na maelekezo kutoka Dar es Salaam.

Yapo ya kuutetea mpango huo, na si madogo. Kwanza, makusanyo ya mkononi yalikuwa na uvujaji. Mtunza hazina aliyetoroka na fedha ni mhusika wa kawaida katika historia ya vyama vya kila nchi, na makato ya mshahara yaliipa NUTA mapato ya uhakika ambayo TFL haikuwahi kuyaota. Pili, serikali ilitoa mambo ambayo matawi yalikuwa yakiyadai: kima cha chini cha mshahara kwa sheria mwaka 1963, shilingi 150 kwa mwezi kwa Dar es Salaam; mfuko wa akiba ya wafanyakazi mwaka 1964; na Sheria ya Usalama wa Kazi ya mwaka huo huo, iliyoleta kamati za wafanyakazi kazini na kumzuia mwajiri kufukuza mtu apendavyo. Tatu, Mwalimu Nyerere alihoji kwa haki kama wachache wenye mishahara wanaweza kuachwa wavute kwao jasho la wakulima walio wengi. Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Lakini hailazimu dawa iliyotumika. Unaweza kuweka kikomo cha mishahara, kama serikali ilivyofanya mwaka 1967, bila kuuondoa mdomo wa anayetaka kukipinga. Na hoja ya pili inajijibu yenyewe: yote yaliyotolewa 1963 na 1964 yalikuwa madai ya miaka ya migomo. Kilichofuata baada ya matawi kunyamazishwa ni miaka mingi ya kutopata mengine ya uzito huo.

Serikali yenyewe iliambiwa. Tume ya Rais iliyoundwa kuichunguza NUTA ilitoa taarifa mwaka 1967, na iliyoyakuta ni malalamiko ya wafanyakazi kwamba chama ni idara ya serikali na kwamba wao hawana neno katika kuwachagua wakubwa wake. Katibu mkuu aliendelea kuteuliwa. Ndipo mwaka 1971 ukaja Mwongozo wa TANU, ukamruhusu mfanyakazi kumhoji kiongozi mwenye kiburi, na viwanda vya Dar es Salaam vikalipuka kwa migomo na mameneja kufungiwa nje ya lango. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikishika kiwanda wenyewe. Shivji anasisitiza jambo ambalo wapenda NUTA hawalipendi: watu hawa walipita pembeni ya chama chao. Shinikizo la chini halikuwa limekufa, lilikuwa limekosa tawi la kupitia, na lisilo na tawi ni rahisi kuvunjwa kwa amri ya siku moja.

JUWATA ilikuja na kuondoka. Mageuzi ya miaka ya 1990 yakarudisha vyama huru, shirikisho lao TUCTA likaundwa 2001, na Mei 2010 likataka kuitisha mgomo wa nchi nzima kwa kima cha chini cha shilingi 315,000, kisha likarudi nyuma baada ya Rais Kikwete kuukemea mbele ya wazee wa Dar es Salaam. Walimu waligoma Julai 2012, mahakama ikawarudisha madarasani ndani ya siku chache. Atakayesema matawi bado yana nguvu atautaja mwaka 2018, pale kanuni mpya za kikokotoo zilizoshusha malipo ya mkupuo ya mstaafu hadi asilimia 25 zilipositishwa na Rais Magufuli tarehe 28 Desemba baada ya kelele za watumishi. Mfano huo ni wa kweli, ila unathibitisha kinyume chake. Kelele zilienea kwenye simu na vijiweni, uamuzi ukatolewa Ikulu kwa hisani, na kwa kuwa hapakuwa na muundo wa chini wa kuulinda, kikokotoo kikarudi mwaka 2022 kwa asilimia 33, na miaka miwili baadaye kikalazimika kurekebishwa tena.

Wanaosema njia ya kurudi imefungwa hawajaisoma vizuri Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mwanachama aliyejaza fomu ya makato anaweza kuifuta kwa taarifa ya mwezi mmoja. Wakuu wa vyama hutaja haraka kifungu cha 72, kinachoruhusu asiye mwanachama naye akatwe ada ya uwakala, na hukitaja kwa furaha. Lakini kifungu hicho hicho kinataka fedha hizo ziwekwe katika akaunti ya peke yake na zitumike kutetea maslahi ya kijamii na kiuchumi ya wafanyakazi wa sehemu hiyo hiyo ya kazi. Si makao makuu, si ujenzi wa kitegauchumi mkoani kwingine. Katibu wa tawi anayetaka ajenda ya kikao kijacho anayo tayari: kuomba taarifa ya akaunti hiyo kwa maandishi.