Kazi Yako Mikononi mwa Wakala: Kutoka Karanga za Nachingwea Hadi Waya wa Intaneti

Wenye madaftari wayafungue. Wasio nayo wategee sikio tu, maana somo la leo ni la historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilitendeka hapa hapa kwetu.

Juma lililopita katibu wa chama kimoja cha msingi cha wakulima alinijia na swali. Chama chake kina kompyuta mbili, mashine ya kuchapa, na hesabu za kila mkulima aliyepeleka korosho ghalani. Imekuja kampuni ya mjini, ikawaambia: "Tuachieni sisi kompyuta zenu, intaneti yenu na utunzaji wa hesabu zenu. Ninyi mtatulipa kila mwezi, nanyi mshughulike na korosho." Katibu akaniuliza, "Mwalimu, hii ni akili au ni kujifunga kamba shingoni?" Sikumjibu papo hapo. Nilimwomba asikilize redio leo.

Kwanza tuelewe jambo lenyewe. Mtu mwenye biashara ana kazi yake hasa, ile inayomletea riziki, na tena ana kazi nyingine za kuisaidia ile. Benki kazi yake ni fedha, lakini haiwezi kwenda siku moja bila kompyuta, nyaya za mtandao, na fundi wa kuziangalia. Basi kazi hiyo ya pili yaweza kupewa kampuni ya nje ambayo haifanyi lingine ila hilo. Kampuni hiyo huleta mafundi wake, huangalia mitambo usiku na mchana, hurekebisha kinachoharibika, na hulipwa kwa mwezi au kwa mwaka. Faida yake haina siri: fundi hodari wa mitandao ni ghali, na ofisi ndogo haiwezi kumwajiri peke yake, lakini ofisi kumi zaweza kumlipa kwa pamoja kupitia kampuni moja.

Msidhani mambo haya yameanza na kompyuta. Mwaka 1879 kampuni ya Kiingereza, Eastern and South African Telegraph, ilipitisha waya wa simu ya maandishi chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, na kutoka Unguja kwenda kusini. Wadachi walipokuja kutawala bara, walitaka nao kupeleka habari Ulaya upesi. Je, walitandika waya wao? La. Mwaka 1890 kampuni ile ile ya Kiingereza iliwavutia waya kutoka Unguja hadi Bagamoyo na Dar es Salaam. Kwa miaka mingi mpango huo ulikwenda vizuri, habari zikaenda na kurudi. Kisha vita ikaja Agosti 1914, na Wadachi wakajikuta mlango wao wa habari umo mikononi mwa adui. Mnara wao wa redio wa Dar es Salaam ndio uliobaki, nao haukudumu: tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea ilikuja kuupigia mizinga.

Sasa tuje nyumbani, na hapa nitakaa kidogo.

Wazee wa Nachingwea wanaujua Mpango wa Karanga, ama kwa macho yao, ama kwa masimulizi ya baba zao. Baada ya vita ya pili Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, alitoa shauri kwamba karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine kubwa. Serikali ya Uingereza ikatuma watu watatu, mkuu wao John Wakefield, aliyekuwa zamani mkurugenzi wa kilimo katika Tanganyika. Wakazunguka kwa muda wa majuma tisa, wengi wa safari zao kwa ndege, wakarudi na hesabu: eka 3,210,000 katika mashamba 107, kila shamba eka 30,000. Mashamba 80 yangekuwa Tanganyika, na sehemu kubwa ya hayo katika Jimbo la Kusini, yaani kwetu. Majuma tisa! Mkulima wa hapa huangalia pori moja misimu miwili kabla ya kulikata.

Serikali ilikubali, lakini haikuwa na chombo cha kuifanya kazi. Shirika la umma la kusimamia mpango lilihitaji sheria, na sheria inakwenda mwendo wake. Njaa ya mafuta haikungoja. Basi kazi ikakabidhiwa kwa wakala, nayo ilikuwa ile ile United Africa Company. Fedha ni za serikali, mpango ni wa serikali, bali mwenye kuajiri, kununua matrekta na kuamrisha ni kampuni. Kampuni nayo ikawapa makontrakta baadhi ya kazi. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo wa 1947 hadi tarehe 1 Machi 1948, shirika la Overseas Food Corporation lilipochukua usukani.

Mimi siilaumu kampuni hiyo kama wanavyofanya wengine. Sifa yake kubwa ilikuwa biashara ya Afrika Magharibi, kununua mazao na kuuza bidhaa. Kung'oa pori la Kongwa na Nachingwea kwa matrekta yaliyochakaa vitani ni kazi nyingine kabisa. Yalikuwapo hata matrekta yaliyogeuzwa kutoka vifaru vya vita, yakiitwa Shervick. Mwaka wa kwanza ilitazamiwa kulima eka 150,000. Zilizopandwa ni karibu 7,500.

Lakini jambo linalotuhusu leo ni vitabu vya hesabu. Kazi ilipotoka kwa wakala kwenda kwa shirika, katikati ya haraka, wizi wa vipuri na maghala yaliyojaa vitu visivyoandikwa, hakuna aliyeweza kusema kwa hakika nini kimenunuliwa, kiko wapi, na kimegharimu kiasi gani. Wakaguzi walipofika kwenye hesabu za shirika za mwaka ulioishia Machi 1949, walitamka kwamba vitabu havikutunzwa inavyopasa. Hebu fikirini: mwenye mali alikuwa ameajiri mtu wa kumfanyia kazi, na sasa hana hata njia ya kujua kama amefanyiwa kazi nzuri au mbaya. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango kwa sura yake ya kwanza, na pauni zaidi ya milioni 36 zikafutwa vitabuni.

Kwetu yalibaki masalio. Reli kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, ilifika Nachingwea mwaka 1949. Bandari ya kina ya Mtwara ikafunguliwa 1954. Karanga za kujaza mabehewa hazikupatikana, na mwaka 1962 reli ikafungwa, kisha ikang'olewa. Shamba namba 17 lilipata bahati nyingine, maana wapigania uhuru wa FRELIMO walipewa sehemu ya Nachingwea kwa mafunzo, na jina la Farm 17 tunalitumia hata leo. Lakini hiyo ni historia ya somo jingine.

Tuvuke miaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika lake la posta na simu nalo lilivunjika, na Tanzania ikaunda lake. Sheria za mwaka 1993 zikatenga posta na simu, ndipo ikazaliwa TTCL. Mwaka 2001 asilimia 35 ya hisa zake ziliuzwa kwa MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani, na wageni hao wakaingia katika uendeshaji. Mwaka 2007 usimamizi ukapewa SaskTel ya Kanada kwa mkataba, nao ukakatika 2009, kabla ya muda wake kwisha. Mwaka 2016 serikali ikazinunua tena zile hisa 35, ambazo wakati huo zilikuwa za Airtel. Wakala alibadilika, hisa zilibadilika, na katika miaka hiyo makampuni ya simu za mkononi yalikuwa yakikimbia mbele.

Na hayo makampuni yenyewe yanafanyaje? Mtu akiona mnara kilimani husema, "Huo ni mnara wa kampuni yetu." Mara nyingi si kweli. Mnara unataka mlinzi, betri, dizeli ya jenereta na fundi wa kupanda juu. Kampuni ya Tigo ilikubaliana mwaka 2010 kuiuzia Helios Towers minara yake ya Tanzania, nayo Vodacom ikafuata mwaka 2013. Tangu hapo kampuni ya simu ikawa mpangaji juu ya mnara wa mwingine, na mnara mmoja ukaweza kubeba mitambo ya washindani wawili au watatu, kila mmoja akichangia dizeli. Airtel ilikwenda mbali zaidi: baada ya kununua biashara ya Zain katika Afrika mwaka 2010, iliipa IBM kazi ya kusimamia kompyuta na programu zake katika nchi 16. Mtu anayenunua muda wa maongezi Ruangwa hakujua hayo, wala hakuwa na haja ya kujua, maadamu simu inalia.

Lakini angalieni: makampuni hayo ni makubwa, yana wanasheria na wahandisi wao wa kumkagua wakala. Hayakutoa macho yao, yalitoa mikono tu. Chama cha msingi kina mwanasheria gani?

Nasi wakulima tumo ndani ya mambo haya tayari. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho zetu huuzwa kwa stakabadhi ghalani, na chama kikuu chetu cha RUNALI ndicho kinachokusanya Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Oktoba 2024 minada ya korosho ilianza kuendeshwa kwa mfumo wa kompyuta wa Soko la Bidhaa, TMX. Mnunuzi huandika bei yake katika mfumo, na wakulima waliokusanyika huangalia bei zikitokea kwenye kioo. Zamani bei ilikuja katika barua ndani ya sanduku. Sasa inakuja kwa waya. Huo ndio mtandao wa mtu mwingine ambao riziki yako inapita ndani yake.

Na waya hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Waya ule wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, nasi tulikuwa tumeuzoea kama maji ya kisima. Hapakuwa na fundi wa Nachingwea wala wa Dar es Salaam wa kuutengeneza siku ile. Ilibidi kungoja meli ya kazi hiyo. Lakini ofisi iliyokuwa na orodha zake kwenye karatasi au kwenye kompyuta ya mezani iliweza kuendelea. Ile iliyoweka kila kitu ng'ambo ya waya ilikaa ikitazama kioo.

Nami nina kisa changu. Ofisi moja niliyowahi kufanyia kazi iliwapa vijana wa kampuni ndogo ya mjini kompyuta zote wazitunze. Walikuwa vijana wazuri, kazi yao safi. Neno la siri la kufungulia kumbukumbu alikuwa nalo mmoja wao tu. Kijana akapata kazi mbali, akabadili na namba ya simu. Tulikaa majuma matatu bila orodha ya wanafunzi wa madarasa ya jioni, huku tumelipa ada ya mwezi bila kukosa. Hakuna aliyeiba, wala hakuna aliyevunja mkataba, maana mkataba haukusema neno lo lote juu ya neno la siri.

Basi nimjibu katibu. Kumpa wakala kazi si kujifunga kamba. Chama chenye kompyuta mbili hakiwezi kuajiri fundi, na fundi wa kubahatisha ni hasara zaidi. Lakini mkataba uandike kwamba kumbukumbu za wakulima ni mali ya chama, hata zikiwa katika mashine za kampuni. Kila Ijumaa katika msimu nakala ya hesabu iletwe ofisini, na mtu wa chama, si wa kampuni, aifungue na kuona kwamba inasomeka. Maneno ya siri yaandikwe, yafungwe katika bahasha, yawekwe katika sefu pamoja na muhuri, na bahasha ibadilishwe kila maneno yanapobadilishwa. Mtandao ukikatika siku ya kupima korosho, iandikwe fundi atafika kwa saa ngapi, na asipofika ada inapunguzwa kiasi gani. Na siku mkataba ukiisha, kwa heri au kwa shari, wakala arudishe nini, kwa muda gani, katika namna gani. Hilo la mwisho lingeandikwa barabara mwaka 1947, wakaguzi wa 1949 wangekuwa na kitu cha kukagua.

Jana jioni katibu aliniletea rasimu aliyopewa na kampuni. Ina kurasa nne. Ada imetajwa mara saba; hesabu za wanachama hazikutajwa hata mara moja. Nimemrudishia, ataipeleka kwenye mkutano wa wanachama Jumamosi.

Wasikilizaji, kwaherini.