Kumfunga mgonjwa

Kumfunga mgonjwa ni kumzuia asitumie viungo vyake kwa hiari yake, kwa mikono ya watu, mikanda, vitambaa, kamba au pingu, ili asijidhuru wala kudhuru wengine. Kitabibu, hii ni hatua ya dharura na si tiba, kwa kuwa haiponyi ugonjwa wowote. Katika mkoa wa Songwe, kusini magharibi mwa Tanzania, suala hili haliishii wodini, kwani mara nyingi huanzia nyumbani na njiani.

Aina

Njia nyepesi kuliko zote ni kumshika mgonjwa kwa mikono kwa dakika chache, hadi dawa ianze kufanya kazi. Ya pili ni mikanda laini inayofungwa kwenye vifundo vya mikono na miguu. Kingo za kitanda zilizoinuliwa nazo ni kizuizi, iwapo mgonjwa hawezi kuzishusha mwenyewe. Ya tatu ni kumtenga peke yake katika chumba kilichofungwa. Ya nne ni dawa za kutuliza, kama vile haloperidoli na diazepamu, ambazo wananchi huziita sindano ya usingizi. Dawa hizo zikitolewa ili wodi iwe kimya tu, si kwa faida ya mgonjwa, huhesabiwa kuwa kamba isiyoonekana.

Sababu

Wengi hudhani wanaofungwa ni wagonjwa wa akili pekee. Fujo ya ghafla huweza kuletwa pia na malaria kali, ile ambayo watu husema imepanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, kifafa cha mimba, jeraha la kichwa, au kuacha pombe ghafla baada ya kuizoea kwa muda mrefu. Sukari ikishuka mwilini, mtu mpole huweza kurusha ngumi, kisha akatulia mara baada ya kupewa glukosi. Kwa hiyo, kumfunga mgonjwa bila kumpima sukari na malaria ni kuficha dalili huku ugonjwa ukiendelea.

Hali ya Songwe na Tunduma

Mkoa wa Songwe uliundwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya. Makao yake makuu ni Vwawa, na wilaya zake ni Mbozi, Momba, Ileje na Songwe. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu 1,300,000. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko Vwawa, na hospitali za Kanisa la Moravian zipo Mbozi na Isoko, wilayani Ileje. Anayehitaji huduma kubwa zaidi hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, takriban kilomita 100 kutoka Tunduma, mji wa mkoa huu ulio mpakani na Zambia. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe iko Dodoma, karibu kilomita 700 kutoka Tunduma.

Umbali huo unaeleza mengi. Gari la wagonjwa lisipopatikana, ndugu hukodi bajaji au pikipiki, na mgonjwa anayehangaika hufungwa khanga au kamba asije akaruka njiani. Nia yao ni kumfikisha salama. Tatizo huanza pale kamba ya safari inapogeuka kuwa makazi: mtu akafungwa kwenye mti au gogo kwa wiki au miezi, nyumbani au kwa mganga, akisubiri nauli au nafuu.

Ng'ambo ya mpaka, katika mji wa Nakonde, hali ya umbali ni hiyo hiyo, kwani hospitali ya akili ya taifa la Zambia, Chainama Hills, iko Lusaka, takriban kilomita 1,000. Zambia ilitunga Sheria ya Afya ya Akili mwaka 2019, ikifuta ile ya kikoloni ya mwaka 1949.

Historia

Ulaya, minyororo ilianza kuondolewa katika hospitali ya Bicêtre, Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 18. Mwaka 1839 daktari John Conolly aliacha kabisa vifaa vya kufungia wagonjwa huko Hanwell, Uingereza. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, wamisionari walifungua kituo cha Lutindi, katika milima ya Usambara, mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Miaka michache baadaye, mahali hapo palipojengwa kwa waliotolewa minyororoni pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mirembe ilianzishwa mwaka 1927, wakati wa Waingereza. Baada ya uhuru, Tanzania ilianzisha vijiji ambako wagonjwa waliishi wakilima, badala ya kufungiwa wodini.

Sheria

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inalinda uhuru wa mtu na inakataza mateso na vitendo vya kudhalilisha. Sheria ya Afya ya Akili ya nchi hiyo ya mwaka 2008 inaweka utaratibu wa kumpokea na kumlaza mgonjwa, hata pale asiporidhia. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu.

Madhara na utaratibu

Kamba iliyokazwa hukata ngozi, huminya mishipa ya fahamu na huweza kuacha mkono umepooza. Kulala bila kugeuzwa huleta vidonda na damu kuganda miguuni. Misuli inayoshindana na kamba kwa saa nyingi huvunjika na kumwaga mabaki yanayoharibu figo. Mgonjwa aliyelazwa kifudifudi na kukandamizwa mgongoni huweza kufa kwa kukosa pumzi.

Kwa hiyo, kabla ya kufunga, mhudumu huzungumza na mgonjwa kwa utulivu, hupunguza watu na kelele, na hukagua kama ana maumivu, kiu au kibofu kilichojaa. Ikibidi kufunga, sababu na saa huandikwa kwenye faili, mgonjwa hapaswi kuachwa peke yake, vidole na upumuaji hukaguliwa mara kwa mara, hupewa maji na kupelekwa msalani, na hufunguliwa mara tu hatari inapopita.

Ndugu wanaomleta mgonjwa akiwa amefungwa wamwambie mhudumu wa mapokezi saa aliyofungwa na kilichotumika kumfunga. Taarifa hiyo ni sehemu ya historia ya ugonjwa, sawa na homa au dawa alizokwisha kunywa.