Mnyororo na Wagonjwa wa Akili: Habari ya Gent, Bukavu na Luvungi

Huku kwetu Luvungi, katika bonde la Ruzizi, neno "wazimu" husemwa kwa sauti ya chini. Mtu akianza kusema peke yake usiku, au kukimbia ovyo barabarani, jamaa huulizana kwanza: Nani amemloga? Kisha huulizana: Tufanye nini naye? Mara nyingi jibu la swali la pili ni kamba. Nao wamfungao si watu wabaya. Wanaogopa asije akaanguka mtoni, asichome nyumba, asipigwe na wapita njia. Pengine mama yake mwenyewe ndiye afungaye, tena hufunga huku akilia. Tumeyaona hayo tukanyamaza, kwa kuwa hatukuwa na shauri jingine la kumpa.

Basi yafaa tujue kwamba mnyororo huo ulikuwa Ulaya pia. Mjini Gent, katika Ubelgiji, wanaume wenye wazimu walifungwa chini ya ardhi, ndani ya ngome ya zamani iitwayo Geeraard de Duivelsteen. Mwaka 1807 Padre Pieter Jozef Triest alianzisha mjini humo shirika la mabruda, ndio hao tuwaitao Frères de la Charité. Mwaka 1815 yeye na mabruda wake waliingia katika ngome ile, wakawafungua wagonjwa. Haikuwa kazi rahisi, maana mtu aliyekaa miaka gizani hajui mara moja la kufanya na mikono yake.

Mwaka 1828 akaungana nao daktari Joseph Guislain. Huyu alifundisha jambo ambalo sisi wa Kivu tungelisikiliza kwa makini: kwamba wazimu, mara nyingi, huanza katika maumivu ya moyo. Mtu amepatwa na huzuni au hofu kubwa kupita nguvu zake, na akili yake yaumia kama vile mguu uumiavyo. Kwa hiyo alitaka mgonjwa apate mwanga, bustani, kazi ya mikono na maneno ya upole. Mwaka 1857 hospitali iliyojengwa kwa mpango wake ilifunguliwa huko Gent. Dawa hasa za kutuliza wazimu hazikuwapo bado. Klopromazini, ile ya kwanza yenye nguvu kweli, ilianza kutumiwa Ufaransa mwaka 1952 tu. Kabla ya hapo hata nyumba njema kuliko zote ilikuwa na uvumilivu zaidi kuliko dawa.

Mabruda hao walifika Kongo mwaka 1911, lakini kwa miaka mingi walijulikana huku kwa shule zao. Hospitali yao ya Ndera, katika Rwanda, ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1972. Na Bukavu je? Nyumba iitwayo SOSAME ilianzishwa huko mwaka 1994, mwaka uleule wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka kwa maelfu na maelfu.

Mwaka huo hatuwezi kuutaja na kupita tu. Wazee wetu walikuwa wameona maasi ya 1964, wakakimbilia milimani. Baada ya 1994 bonde letu likajaa makambi. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, huko juu milimani, ilishambuliwa, na wagonjwa wakauawa vitandani mwao. Kisha vita vya 1998, na vingine baada yake, hata miaka hii. Mtu aliyeona hayo akifumba macho huyaona tena. Akisikia mlango umegongwa, moyo wamruka. Halali. Jirani humwambia anywe kidogo, naye hunywa kanyanga, akalala usiku ule. Baada ya miezi michache hawezi kulala pasipo hiyo, na watu husema: Tazameni mlevi! Sisi twaona kwamba wengi tuwaitao walevi walianza kwa kujitafutia dawa. Ulevi wao ni ugonjwa juu ya ugonjwa, na kumkemea mlevi bila kuuliza asilalie nini ni kukata majani na kuacha mzizi.

Je, kidonda cha namna hiyo hupona? Habari iliyotangazwa mwaka 2013 yatutia moyo. Katika vijiji 15 vya Kivu, wanawake 405 waliotendewa jeuri walisaidiwa kwa njia mbili. Katika vijiji vingine kila mmoja alipewa msaada wa peke yake. Katika vingine walikutana makundi makundi, kwa majuma kadhaa, wakijifunza kupima mawazo kama lile la "mimi ndiye mwenye kosa". Waliowaongoza walikuwa wasaidizi Wakongo, si madaktari, na mafundisho yalirahisishwa ili hata asiyejua kusoma aweze kuyashika kichwani. Miezi sita baadaye, kati ya wale wa makundi, 9 tu katika 100 walionekana bado kuwa na ugonjwa wa huzuni au wa hofu. Kati ya wengine walikuwa 42 katika 100.

Lakini mgonjwa aliyetulia hospitalini lazima arudi kwa watu. Wabelgiji wana mji mwingine, Geel, ambako tangu zamani sana wenyeji huwapokea wagonjwa wa akili nyumbani mwao, wakala pamoja na kufanya kazi pamoja. Kabla ya vita vya 1939 walikuwa zaidi ya 3,000. Na Mwafrika, daktari Thomas Adeoye Lambo, alifanya neno la jinsi hiyo huko Aro, Nigeria, tangu 1954: wagonjwa walikaa vijijini pamoja na ndugu zao, wakatibiwa mchana.

Kutoka Luvungi hata Bukavu ni safari ya kupanda Ngomo, na vita vikifunga barabara dawa hukatika. Hata hivyo kijana mmoja wa kwetu alikwenda, akarudi na vidonge vyake mfukoni. Siku ya tatu mama yake alimpa jembe, wakaenda shambani kulima mihogo. Majirani wengine bado walipita mbali.