Jina Tulilopewa Mathari
Leo ni matatizo ya haiba: mtu tangu ujana anavyowaza, anavyohisi na anavyoishi na wenzake kunamuumiza yeye na walio karibu naye.

Jambo hili lina historia chungu kwetu. Hospitali ya Mathari, iliyofunguliwa 1910, iliongozwa kuanzia 1938 na Dakta J. C. Carothers, ambaye alipoanza hakuwa na mafunzo ya magonjwa ya akili. Mwaka 1951 aliandika kwamba Mwafrika wa kawaida anafanana na Mzungu aliyekatwa ubongo, na kwa kiasi fulani na mtu mwenye haiba mbovu. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilichapisha ripoti yake iliyoeleza Mau Mau kwa akili ya Mkikuyu. Nyanya zetu wa hapa Kiambu wangemwambia: ni mashamba.

Leo tunajua tatizo hili hutokana na urithi pamoja na maumivu ya utotoni, kama kupigwa au kutelekezwa. Kuna wanaojikata, wanaolipuka kwa hasira, wasiomwamini mtu yeyote. Tiba kubwa ni mazungumzo na mshauri, miezi mingi; dawa husaidia huzuni kali inayoandamana nalo.

Mama, kijana akikusumbua hivyo, usimpe jina. Njoo naye kliniki, utueleze yalianza lini, na nyumbani kulikuwa na nini wakati huo.