Laini ya nyumbani ukiwa ughaibuni: iko kwa jina la nani?

Binamu yangu, binti wa khalati, anafanya kazi za nyumbani Jeddah, mwaka wa saba sasa. Mwaka jana, siku chache kabla ya Ramadhani, alinipigia usiku akilia. Laini yake ya Kenya, ambayo mamake ndiye anayeishika hapa Kisauni, ilikuwa imepotea. Simu ilimtoka khalati mkononi pale feri ya Likoni ikaingia baharini. Alipokwenda duka la kampuni ya simu apewe kadi mpya yenye namba ile ile, aliulizwa: "Mwenye laini yuko wapi?" Akajibu yuko Saudia, ni binti yake. Yule kijana akatazama kompyuta yake, akasema hapana mama, mwenye laini hii ni mwanamume.

Na kweli ni mwanamume. Ilisajiliwa kwa kipande cha kakake, na kakake tulimzika 2023.

Ndani ya M-Pesa ya laini hiyo mlikuwa na shilingi 186,000, fedha za kumalizia kiwanja ambazo binamu alikuwa akizituma kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara wake. Kwa macho ya kampuni na ya sheria, fedha hizo zilikuwa za maiti.

Nimeandika makala haya kwa sababu tangu siku ile nimeuliza watu wengi mtaani, na sijapata nyumba hata tano zenye mtu ughaibuni ambazo hazina laini ya aina hii. Ya mama kwa jina la mtoto, ya mke kwa jina la shemeji, ya kijana kwa jina la rafiki ambaye hata hawasemezani tena.

Tulifikaje hapa? Usajili wa laini Kenya ulianza 2010, na mwisho wa 2012 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Wakumbuke wale waliokuwa na umri wa miaka kumi na minane wakati huo hapa Pwani. Wengi hawakuwa na kipande. (Wazee wetu bado wanakiita kipande, jina lililobaki tangu enzi za Mwingereza, na mimi nimelizoea.) Mtoto wa Mswahili akienda kuomba kitambulisho aliambiwa alete cheti cha baba, kisha cha babu, kisha akae mbele ya wazee wa kamati aulizwe kabila lake na asili yake. Miezi inapita, pengine miaka. Laini nayo haingojei. Basi kaka anatoa kipande chake, anasajili laini ya dada, mambo yanakwenda. Hakuna aliyeona kosa, na kwa hakika ulikuwa ni wema.

Binamu yangu kipande alikuja kukipata, kisha pasipoti, akasafiri. Mwaka 2022 Mamlaka ya Mawasiliano ilipoamuru laini zote zihakikiwe, kwanza kabla ya 15 Aprili, kisha muda ukaongezwa mpaka 15 Oktoba, yeye alikuwa tayari yuko Jeddah. Kaka akaenda na kipande chake dukani, akahakiki, na jina likabaki pale pale. Hapo ndipo ilipokuwa nafasi ya kulibadilisha. Ilitupita.

Sasa niseme namba ya simu imekuwa kitu gani, maana wengine bado wanaidhani ni ya kupigiana tu. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, namba ni mkoba. Tangu huduma za serikali zilipohamia eCitizen, namba ni mlango pia: ukitaka kuomba pasipoti mpya au cheti cha tabia njema, mara nyingi utatumiwa namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi, na usipoupata ujumbe ule kuingia kunakuwa taabu. Benki ni hivyo hivyo. Bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, nayo imefungwa na namba ya simu. Mtu aliye Muscat au Doha ambaye laini yake ya Kenya imekufa ni kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe, na ufunguo uko ndani.

Kwa anayejiandaa kusafiri, kazi ni ya siku moja. Piga *106# kwenye laini yako uone imesajiliwa kwa jina la nani, na namba ngapi ziko chini ya kipande chako. Usishangae ukikuta namba usizozijua. Wale vijana wa miavuli barabarani waliokuwa wakigawa laini za bure, wengine walisajili laini mbili tatu kwa kipande kimoja na kuziuza kwingine. Namba usiyoijua iripoti dukani iondolewe, kwa sababu ikitumika kumtapeli mtu, jina litakalosomwa kituo cha polisi ni lako.

Ukikuta laini yako ina jina la mtu mwengine, mchukue mtu huyo mkaende pamoja dukani, kila mmoja na kitambulisho chake cha asili, mkahamishe umiliki. Nasema mchukue maadamu yuko hai, yuko karibu na mnaelewana. Mambo haya matatu hayana ahadi. Haki ya kurekebisha taarifa zako zilizokosewa imo pia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, lakini sheria haitamleta dukani shemeji aliyekasirika.

Kisha washa romingi kabla hujapanda ndege, na uache salio kidogo. Huko ughaibuni kadi ya Kenya iweke kwenye nafasi ya pili ya simu, na ya huko nafasi ya kwanza. Kupokea ujumbe mfupi kwa kawaida hakukatwi fedha, kupiga na kupokea simu ndiko kunakomaliza salio, kwa hiyo data ya laini ya Kenya izime kabisa. Kila baada ya muda itumie: nunua salio, tuma ujumbe mmoja nyumbani. Laini ikikaa kimya muda mrefu kampuni huifuta na kuiuza upya, na aliyeinunua hana kosa lolote anapoanza kupokea namba zako za uthibitisho. Na kwa wa Safaricom, piga *100*100# ili mtu asiweze kuibadilisha kadi yako kwa wakala wa mtaani. Baada ya hapo kubadilisha kadi kunafanyika kwenye duka la kampuni peke yake.

Sisi lakini tuna desturi nyingine: laini haisafiri, anaachiwa mama. Na namba ya siri anaachiwa yeye. Naelewa sababu. Mama ndiye anayetoa fedha, analipa ada za watoto na anamlipa fundi. Lakini wakala akifuata kanuni anatakiwa kuona kitambulisho cha mwenye laini, na mama anamwonyesha cha kwake. Anapewa kwa sababu wakala ni jirani. Siku jirani hayupo, mama anarudi mikono mitupu. Ni bora mama awe na laini yake, kwa kipande chake, na wewe umtumie huko. Laini yako uondoke nayo.

Aliyekwisha kusafiri hali yake ni ngumu kidogo, ila si ya kukata tamaa. Kama laini ina jina lako na shida ni kuhakiki tu, njia ipo: katika zoezi la 2022 Safaricom ilifungua usajili wa mtandaoni, unapiga picha kipande mbele na nyuma na uso wako, unatuma. Kama kadi imepotea au jina si lako, mara nyingi utaambiwa ufike mwenyewe. Andikia kampuni kwanza, uliza kwa maandishi kama watakubali hati ya uwakilishi iliyoshuhudiwa ubalozini, kabla hujaomba ruhusa kazini na kulipa nauli ya kwenda Riyadh au Muscat kuitafuta hati. Wapo waliokwenda, wakarudi na karatasi yenye mhuri ambayo dukani Mombasa ilikataliwa. Usipopata, basi panga shughuli hiyo iwe ya siku ya kwanza ya likizo yako, kabla ya harusi, kabla ya kuzungukia jamaa.

Upande wa Ghuba nako kuna mtego wake. Huko usajili ulikazwa mapema. Imarati walianza kampeni ya kuhakiki laini kwa vitambulisho 2012, na Saudia mwaka 2016 ilianza kudai alama za vidole katika usajili wa laini, zilinganishwe na iqama. Dada anayefika kazini na iqama haijatoka, mwajiri anamnunulia laini kwa jina lake yeye mwajiri. Anaitumia miaka miwili, WhatsApp yake iko humo, namba za watu wote anaowajua ziko humo, pengine na ushahidi wa mishahara asiyolipwa. Siku wakikosana laini inakatwa, na huyo dada anapotea hewani. Hapa nyumbani tunabaki kuulizana kama yuko hai. Iqama ikitoka, dada, kasajili laini yako mwenyewe. Na WhatsApp ifungue kwa namba ya Kenya yenye jina lako, hata kama intaneti unatumia ya laini ya huko. Inafanya kazi vizuri, bora tu uwe ulipokea ule ujumbe wa kwanza wa kuthibitisha, kisha weka namba ya siri ya hatua ya pili.

Turudi kwa binamu. Kampuni ilitaka cheti cha kifo na hati za mahakama za mirathi. Tukaenda kwa kadhi. Hapo ndipo nilipoona uzito wa jambo. Mjane wa marehemu, Allah amlipe, alisema tangu siku ya kwanza mbele ya watu wote: fedha hizi si za mume wangu, ni amana ya wifi yangu. Nikadhani tumemaliza. Kumbe hapana. Marehemu ameacha watoto watatu wadogo. Mjane anaweza kuiacha thumni yake, haki ya mayatima hawezi kuiacha. Kama fedha ni za marehemu basi zina wenyewe, na hakuna mtu mzima mwenye ruhusa ya kuzigawa kwa huruma. Ilibidi ithibitike kwamba hazikuwa zake tangu mwanzo.

Kilichotuokoa ni mfuko wa plastiki. Binamu, kwa tabia yake ya kutotupa kitu, alikuwa ameweka kila risiti ya kutuma fedha tangu alipoanza kazi, zenye jina lake, namba ya iqama, kiasi na namba ya simu iliyopokea. Alizitandaza kitandani, akazipiga picha moja moja usiku baada ya kazi, akanitumia. Mimi nikazichapisha na kuzipanga kwa tarehe. Zilikubaliwa. Tangu feri mpaka fedha kutoka ilipita miezi mitano, na bei ya kile kiwanja haikutungoja. Mwenyewe alikiuza kwa mtu mwengine mwezi wa tatu.

Mara nyingi najiuliza ingekuwaje kama mjane yule angekuwa na moyo mwengine, au kama zile risiti zingetupwa. Khalati haulizi. Yeye anasema tu laini ile aliipenda kwa sababu ilikuwa na jina la mwanawe. Fedha zikitumwa, jina lake lilikuwa likionekana.

Mimi mwenyewe sina la kujisifu. Juzi nilipiga *106# kwa sababu ya makala haya. Laini ya mamangu mzazi iko kwa jina langu tangu 2012. Kipande chake tumekitafuta siku mbili, tukakikuta ndani ya juzuu aliyoiacha marehemu babangu. Jumatatu tunakwenda dukani.