Uraia wa Tajnisi: Wakati wa Kuomba kwa Mkaazi wa Nkwenda

Uraia wa tajnisi ni uraia anaopewa mgeni mtu mzima aliyetimiza masharti ya Sheria ya Uraia wa Tanzania ya mwaka 1995. Nkwenda ni kata ya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Uganda na Rwanda ziko jirani, Kinyambo, lugha ya wenyeji, kinasikilizana na lugha za ng'ambo, na ndoa zimevuka mpaka kwa vizazi. Hata hivyo, wingi wa miaka haumgeuzi mgeni kuwa raia. Kibali cha ukaazi kina tarehe ya kuisha. Uraia lazima uombwe.

Nani aombe

Kwanza mtu ahakikishe kwamba yeye ni mgeni kweli. Aliyezaliwa Tanzania na mzazi raia ni raia wa kuzaliwa, hata kama lafudhi yake au jina lake linatiliwa shaka. Akiomba tajnisi anajitangaza mgeni katika nchi yake mwenyewe. Anachohitaji ni ushahidi: cheti cha kuzaliwa, nyaraka za wazazi, na kauli za wazee wa kijiji wanaoijua familia.

Mwanamke mgeni aliyeolewa na raia ana njia yake: sheria inamruhusu kuomba wakati wowote mume akiwa hai. Anayeahirisha hadi mume afariki anaipoteza nafasi hiyo.

Hesabu ya miaka

Mwombaji awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba. Katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo, awe ameishi nchini jumla ya miaka isiyopungua 7. Kwa hiyo asiyetoka nchini hufikia sharti hilo baada ya miaka 8. Anayeishi huku na huko kati ya Nkwenda na Uganda huchelewa zaidi, na atunze hati zake za kusafiria na vibali vyote vya zamani.

Masharti mengine ni kujua Kiswahili au Kiingereza, tabia njema, mchango kwa taifa na nia ya kuendelea kuishi nchini. Uamuzi ni wa waziri mwenye dhamana ya uraia.

Yanayoharakisha, yanayochelewesha

Ardhi inaharakisha uamuzi wa kuomba. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, asiye raia kwa kawaida hapewi ardhi ila kwa uwekezaji, kwa hiyo mgeni anayelima kibanja cha migomba na kahawa hana haki madhubuti juu yake. Watoto nao wanaharakisha: mzazi akishakuwa raia anaweza kumwombea mtoto aliye chini ya miaka 18; mtoto akifika utu uzima atajiombea mwenyewe.

Uraia wa zamani ndio unaohitaji tahadhari. Uganda iliruhusu uraia pacha mwaka 2009, lakini Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima, hivyo mwombaji ataukana ule wa kwanza. Asiukane kabla ya kupata idhini ya maandishi. Warundi waliokimbia nchi yao mwaka 1972 wakaishi katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu waliona ugumu wa kukaa katikati ya uraia wa zamani na mpya: takriban 162,000 walikubaliwa mwaka 2010, lakini vyeti vilianza kutolewa Oktoba 2014.

Gharama ya kungoja

Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliwaondoa Kagera, mkoa ilimo Kyerwa, maelfu ya watu waliohesabiwa kuwa wahamiaji haramu, wakiwamo waliokuwa wameishi miongo mingi. Mtu anapoulizwa ghafla athibitishe hadhi yake, muda wa kutafuta nyaraka umekwishapita.

Kwa hiyo wakati mwafaka ni pale mambo matatu yanapokutana: miaka imetimia, nyaraka zimekamilika, na mwombaji ameridhia kuuacha uraia wa kwanza. Miaka na nyaraka zikiwa tayari, kilichobaki ni uamuzi wa familia. Wakishaufanya, waende ofisi ya Uhamiaji ya wilaya bila kungoja msimu mwingine.